Mwenye Nchi Ni Mmoja: Kusoma Upya Mgawo wa Makabila ya Israeli

Katika mgawo wa nchi ya Kanaani, mji wa Hebroni ulikabidhiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni katika mlango wa 14 wa kitabu cha Yoshua. Alipewa Kalebu mwana wa Yefune, mzee wa miaka 85 aliyekuwa amengojea ahadi ya Musa kwa miaka 45. Habari hiyo tunaijua. Mlima wa Kalebu umehubiriwa sana kwetu, kwenye mikutano ya injili na mikesha ya mwaka mpya, na mara nyingi muumini huambiwa autaje mlima wake ili audai: kazi, nyumba, kiwanja, safari ya ng'ambo.

Mara ya pili ni katika mlango wa 21, na huko mahubiri huwa hayafiki. Mji uleule wanapewa wana wa Haruni, makuhani wasio na ardhi yao, tena unawekwa kuwa mji wa makimbilio kwa mtu aliyeua bila kukusudia. Kalebu anabaki na mashamba na vijiji vinavyouzunguka.

Milango hii miwili ikisomwa pamoja, mlima wa Kalebu unakuwa na sura nyingine. Mzee yule aliomba mahali pagumu, penye Waanaki na miji yenye ngome. Akapapigania, akapapata. Kisha kitovu cha alichokipata kikawa mahali pa kupumulia mtu anayefukuzwa na mlipiza kisasi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo maana ya kiroho ya urithi wa makabila yote. Tuitafute katika namna nchi ilivyogawanywa: nani alitangulia, nani alingoja, nani hakupewa kitu, na kilichopatikana kilikuja kumfaa nani.

Kurasa zinazorukwa

Yoshua mlango wa 13 hadi wa 21 ni orodha ndefu ya mipaka, mabonde, chemchemi na miji. Wengi hutoka kwenye kuta za Yeriko wakaenda moja kwa moja kwenye hotuba ya kuaga ya Yoshua. Hata hivyo, kanisa la kale halikuziruka kurasa hizi. Origen, mwalimu wa karne ya 3 aliyeishi miaka yake ya mwisho Kaisaria ya Palestina, aliacha mahubiri 26 juu ya kitabu hiki, ambayo tunayo leo katika tafsiri ya Kilatini ya Rufinus. Kwa kuwa katika Kigiriki Yoshua na Yesu ni jina moja, Origen alimwona Kristo mwenyewe akiwagawia waamini mafungu, kila roho kwa kadiri ya ukuaji wake. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 18, Emanuel Swedenborg wa Uswidi alifundisha kwamba kila kabila huwakilisha wema au ukweli fulani ndani ya mwanadamu.

Watafiti wa nyakati zetu wameshika njia nyingine. Mjerumani Albrecht Alt aliziona orodha hizi kuwa kumbukumbu za utawala, na orodha ya miji ya Yuda katika mlango wa 15 akaihusisha na enzi ya Mfalme Yosia, karne ya 7 KK.

Najifunza kwa wote. Ila naona hatari kwa msomaji anayeanza na fumbo kabla ya kuukanyaga udongo: kila mji unaweza kumaanisha chochote anachokipenda. Kumbukumbu kavu ya mipaka humzuia. Inamlazimisha aulize swali ambalo Biblia yenyewe inaliuliza tena na tena: ardhi hii ni ya nani, na waliopewa walitakiwa waishi juu yake kwa namna gani?

Kura mbele ya hema

Jibu limo katika Walawi mlango wa 25. Mungu anatangaza kwamba nchi ni yake, na Waisraeli wanakaa kwake kama wageni na wapangaji. Sheria zote za urithi zinaota kutoka hapo.

Chukua jinsi mgawo ulivyofanyika. Hesabu mlango wa 26 unaorodhesha wanaume 601,730 wenye umri wa miaka 20 na zaidi, kisha unatoa kanuni mbili. Kabila kubwa lipewe eneo kubwa na kabila dogo lipewe dogo, na mahali paamuliwe kwa kura. Ukubwa ulifuata hitaji, na mahali palitoka mkononi mwa Mungu. Makabila saba yaliyokuwa bado hayajapata kitu yalikusanyika Shilo, mahali hema ya kukutania iliposimamishwa. Kila kabila lilitoa watu watatu wakaizunguke nchi na kuiandika katika kitabu, sehemu saba, kisha Yoshua akapiga kura mbele za Bwana. Kazi ya upimaji ilifanywa na watu kwa uangalifu, kwa maandishi, lakini neno la mwisho halikuwa la mpimaji, wala la mwenye nguvu, wala la aliyetangulia kufika. Hakuna kabila lililoweza kujigamba kwamba limejichagulia bonde lenye rutuba kwa akili zake.

Kumbukumbu la Torati mlango wa 9 unaongeza onyo: wasidhani wamepewa nchi kwa sababu ya haki yao. Urithi si cheti cha utakatifu. Mtu aliyepewa fungu hana la kumringia jirani yake, kwa kuwa wote wawili wamepokea.

Sheria ya yubile ililinda jambo hilo lisisahauliwe. Kila mwaka wa 50 shamba lililouzwa lilirudi kwa jamaa ya mwenyewe. Kwa hiyo bei yake ilikadiriwa kwa miaka iliyobaki: ikiwa mingi, bei ilipanda, ikiwa michache, ilishuka. Aliyeuza hakuuza ardhi, aliuza mavuno ya miaka hiyo. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta haikulindwa hivyo. Muda wa kuikomboa ulikuwa mwaka mmoja tu, kisha ikawa ya mnunuzi daima. Tofauti hiyo ina sababu. Nyumba imejengwa na mtu, nayo yaweza kwenda kwa mtu. Shamba ndilo linalolisha vizazi, na mwenyewe ni Mungu. Baba mmoja aliyeanguka kwenye madeni hakuruhusiwa kuwauzia wajukuu wake njaa ya milele.

Ndiyo maana Nabothi alimkatalia Mfalme Ahabu. Mfalme alimtolea shamba lingine zuri zaidi, au fedha. Kwa macho ya biashara, Nabothi alipoteza nafasi. Lakini yeye alijua kwamba shamba la mizabibu la Yezreeli alikuwa amelipokea kwa baba zake ili wanawe nao walipokee. Mkewe mfalme, Yezebeli, akaandaa mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na 2 Wafalme mlango wa 9 unadokeza kwamba wanawe nao waliuawa. Damu hiyo ilimleta nabii Eliya mbele ya Ahabu. Kwa nabii, kunyang'anya urithi wa mkulima ni kumkana Mungu mwenye nchi, sawasawa na kumsujudia Baali.

Laana moja, njia mbili

Sasa tumtazame aliyeachwa nje ya mgawo. Kabila la Lawi halikupata eneo. Kitabu cha Yoshua kinalirudia jambo hilo mara kadhaa: Bwana mwenyewe ndiye fungu lao. Walipewa miji 48 iliyotawanyika ndani ya maeneo ya makabila mengine, kila mji na malisho ya mifugo yake, na miji sita kati ya hiyo ilikuwa ya makimbilio.

Asili ya kutawanyika huko ni chungu. Katika Mwanzo mlango wa 34, Simeoni na Lawi waliwaua wanaume wa mji wa Shekemu kwa hila. Yakobo alipokaribia kufa aliwaambia wote wawili kwamba watatawanywa katika Israeli. Neno lilikuwa moja kwa ndugu wawili, na mgawo wa nchi unaonyesha lilivyotimia kwa kila mmoja.

Simeoni alipungua. Katika hesabu ya kwanza jangwani alikuwa na watu 59,300. Katika ya pili 22,200. Fungu lake lilikatwa ndani ya eneo la Yuda, na taratibu likamezwa humo. Musa alipoyabariki makabila kabla ya kufa, Simeoni hakutajwa.

Lawi naye alitawanywa, lakini kutawanywa kwake kukageuka huduma. Wana wake walisimama upande wa Musa siku ya ndama wa dhahabu, wakatengwa kwa kazi ya hema na mafundisho ya sheria. Kutokuwa na eneo kukawafikisha kila eneo. Kisha fuatilia miji waliyopewa: mmoja wao ni Shekemu. Mji ambamo babu yao aliwaua watu kwa upanga ukawa mji wa makimbilio, na wajukuu wa muuaji wakawa walinzi wa lango, wakimpokea anayekimbia ili damu isimwagike bila hukumu. Sijui sehemu nyingine ya Agano la Kale inayoeleza toba ya kizazi kizima kwa utulivu namna hii. Historia ya familia yao haikufutwa. Walipewa kazi mahali palepale pa dhambi.

Kwa mwamini aliyezaliwa katika ukoo wenye sifa mbaya, au aliyebeba aibu ya mambo yaliyotendwa kabla yake, hapa pana neno. Simeoni na Lawi walitoka kwa baba mmoja na mama mmoja, wakapokea tamko moja. Tofauti ilikuwa kile ambacho wana wao walijitoa kukitumikia.

Kiongozi wa mwisho, mgeni wa kwanza

Upande wa magharibi wa Yordani, mgawo unaanza na Kalebu na kuishia kwa Yoshua. Ndio wawili waliobaki hai kati ya wapelelezi 12 waliotumwa na Musa kuichunguza nchi. Kalebu anaitwa Mkenizi, na wafafanuzi wengi wanaliona jina hilo kuwa dalili kwamba ukoo wake ulitoka nje ya Israeli ukaingizwa Yuda. Wakenizi wametajwa katika Mwanzo mlango wa 15 kati ya wenyeji wa Kanaani. Basi huenda wa kwanza kupokea alikuwa mtu wa asili ya kigeni. Yoshua, mkuu wa jeshi na msimamizi wa kura, alipokea baada ya makabila yote. Watu walimpa Timnath-sera katika milima ya Efraimu, alipopaomba, akaujenga mji na kukaa humo. Hakujitengea bonde la Yeriko wala kilele cha Shilo. Viongozi wa kanisa na wa serikali wanaopenda kuitwa akina Yoshua wangeanza na mstari huo.

Katikati ya hao wawili wanasimama wanawake. Selofehadi wa kabila la Manase alikufa bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walimwendea Musa mbele ya mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa alilipeleka shauri mbele za Mungu, na jibu likawa kwamba wamesema haki. Baadaye, katika Hesabu mlango wa 36, wazee wa ukoo walileta hofu yao kwamba ardhi ingehamia kabila lingine kwa ndoa, ikawekwa sharti la kuolewa ndani ya kabila. Ila mabinti hawakunyang'anywa. Yoshua mlango wa 17 unataja mafungu kumi ya Manase magharibi ya Yordani. Ukizihesabu mbari zilizotajwa hapo, utaona kwamba mafungu matano kati ya kumi yalikuwa ya wanawake hao.

Udongo wenyewe umetunza kumbukumbu hiyo. Mwaka 1910 wachimbuaji wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na George Reisner walipata katika magofu ya Samaria vigae vilivyoandikwa kwa wino. Ni stakabadhi za divai na mafuta za karne ya 8 KK, zikitaja maeneo ambayo mizigo ilitoka. Kati ya maeneo hayo yamo mbari za Manase kama Abiezeri na Shemida, na yamo pia Noa na Hogla. Mabinti waliosimama mlangoni pa hema kuhofia jina la baba yao lisipotee, majina yao wenyewe yalikuwa bado yanasomwa na makarani wa mfalme.

Familia zetu nyingi bado humwambia binti kwamba urithi wake uko kwa mumewe, na wapo wanaotaja Biblia wanaposema hivyo. Wafungue Hesabu mlango wa 27.

Urithi unaopotezwa

Kupewa hakukuwa mwisho wa habari. Dani alikuwa kabila la pili kwa ukubwa katika hesabu ya pili, watu 64,400. Alipewa fungu magharibi, kuelekea pwani, Waamori wakamsukuma mlimani. Badala ya kulihangaikia fungu lake, alipanda kaskazini hadi Laishi, kwa watu waliokuwa wakikaa kwa amani bila msaidizi, akawaua na kuuchoma mji wao. Njiani alikuwa ameiba sanamu na kuhani wa mtu mwingine. Waamuzi mlango wa 18 hauipambi habari hiyo. Fungu la kujinyakulia lilimletea Dani mji, na pamoja na mji likamletea ibada ya sanamu iliyodumu vizazi.

Hapa inatupasa kusema ukweli kuhusu jambo zito. Nchi iliyogawanywa ilikuwa na watu, na kitabu cha Yoshua kina vita vinavyoumiza moyo wa msomaji. Wako waliozitumia kurasa hizi, zamani na sasa, kuhalalisha kuwaondoa wengine kwenye ardhi yao. Biblia yenyewe haiwapi hati hiyo. Walawi mlango wa 18 unawaonya Waisraeli kwamba wakitenda maovu ya waliowatangulia, nchi itawatapika nao. Ikawatapika: Samaria ilianguka mwaka 722 KK, Yerusalemu mwaka 586 KK. Mpangaji hana haki ambayo mwenye nchi hawezi kuihoji.

Ni katika siku za kuanguka huko Yeremia alipofanya jambo la ajabu. Akiwa kifungoni, majeshi ya Babeli yakiwa yameuzingira mji, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati zikatiwa muhuri na kuwekwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Shamba lilikuwa mikononi mwa adui, na yeye alijua mji utaanguka, kwa kuwa alikuwa amelitangaza hilo mwenyewe. Alinunua kwa sababu aliamini kwamba hukumu ya Mungu haifuti ahadi yake.

Ramani ya Ezekieli

Nabii mwingine alichora ramani mpya akiwa uhamishoni. Katika Ezekieli mlango wa 47 na 48, makabila yanapewa vipande vilivyonyooka kutoka mashariki hadi magharibi, kila mmoja sawa na ndugu yake. Makabila yaliyokaa ng'ambo ya Yordani yanarudishwa ndani. Simeoni aliyemezwa anapata fungu lake kamili. Dani aliyepotea kaskazini anatajwa wa kwanza. Mkuu wa nchi anakatazwa kuwanyang'anya watu urithi wao, kama kwamba nabii bado analiona shamba la Nabothi. Na linakuja agizo ambalo Yoshua hakulitoa kwa maneno hayo: wageni wanaokaa kati ya makabila na kuzaa watoto humo wapewe urithi kama wazalia wa nchi, katika kabila lolote wanamokaa.

Agano Jipya linaendelea kutoka hapo. Yesu anawaahidi wapole kwamba watairithi nchi, akiazima maneno ya Zaburi ya 37. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba raha ambayo Yoshua aliwapa haikuwa ya mwisho. Petro anawaandikia waamini waliotawanyika ugenini kuhusu urithi usioharibika, uliotunzwa mbinguni. Wako wanaodhani kwamba kwa maneno hayo ardhi imeachwa nyuma na kila kitu kimekuwa cha rohoni. Matendo mlango wa 4 unaonyesha vingine. Barnaba, Mlawi kutoka Kipro, alikuwa na shamba. Aliliuza na kuiweka fedha miguuni pa mitume ili wahitaji wapate. Tumaini la urithi wa mbinguni lilimfungua mkono juu ya urithi wa duniani.

Basi tukiulizwa maana ya kiroho ya mafungu yale, tuanze na maswali ambayo orodha zenyewe zinatuuliza. Nimepokea au nimenyakua? Katika nilichokipokea, je, yupo Mlawi asiye na fungu, binti aliyesahauliwa, mgeni aliyezaa watoto kati yetu, mkimbizi anayetafuta lango? Anayesali apewe mlima wa Kalebu asali sala nzima, pamoja na mlango wa 21: apewe mahali pagumu, apafanyie kazi kwa uaminifu, kisha awe tayari kuutoa mji wenyewe kwa asiye na pa kwenda. Aliyefika hapo ameelewa urithi ni nini, hata kama jina lake halimo katika hati ya kiwanja chochote.